Usiyalaumu macho, kagua nyaya kwanza!

MPENZI msomaji, hebu nikuulize. Ni lini mara ya mwisho ulipochungulia nyuma ya televisheni ya nyumbani kwako? Simaanishi kupangusa vumbi wala kutafuta sarafu iliyobingirika. Namaanisha kutazama ni waya upi umechomekwa wapi, na kwa nini. Ikiwa wewe ni kama mimi, basi jibu ni siku ile kifaa kilipoletwa. Picha ilitokea, watu wakapiga makofi, kabati likasukumwa ukutani na mambo yakaishia hapo.

Mimi nilichungulia wakati wa likizo ya Aprili, nyumbani kwa mama yangu huko Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, na nusura nijute kwa kuchelewa.

Kisa chenyewe kilianza kwa simu. Mama si mtu wa kulalamika. Ndiyo sababu nilishtuka aliponiambia, "Baba, ukija nyumbani utanipeleka kwa daktari wa macho." Ananiita baba kwa kuwa mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu nilirithi jina la babake mzazi. Nikamuuliza macho yana nini. Akasema yanaona shamba vizuri, yanaona kuku, hata Biblia yanaisoma kwa miwani. "Lakini hayamwoni tena baba yenu."

Naomba nieleze. Baba yangu alifariki mwaka wa 2017. Hakupenda kupigwa picha, na zile chache tulizo nazo amesimama wima kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Ila kuna diski moja ya DVD. Mnamo Disemba 2006, baada ya kuishi na mama zaidi ya miaka thelathini na kulea watoto sita, hatimaye alikubali kufunga ndoa kanisani. Mpiga picha wa video alikodiwa kutoka mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne majuma machache kabla, nikapewa kazi ya kumshikia taa na waya wake mrefu. Ndani ya diski hiyo, kwa dakika nne hivi, baba anaongea. Anawashukuru wageni, anamtania mhubiri, kisha anamgeukia mama na kumwambia jambo linalowafanya watu wote waangue kicheko. Hakuna mahali pengine duniani unapoweza kumwona baba yangu akicheka.

Mama ana mazoea yake. Jumapili akitoka kanisani huteka chai, huketi, na huweka diski ile. Kwa miaka mingi aliitazama kwenye televisheni kuukuu, ile yenye kisogo kikubwa, ambayo ilinusurika hata mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa nchini na kila mtu akalazimika kununua king'amuzi. Disemba iliyopita ilizima na haikuwaka tena. Sisi watoto tukachanga pesa, tukamnunulia televisheni bapa ya inchi 43. Kaka yangu mkubwa akaiunganisha, habari za saa moja zikaonekana vizuri ajabu, tukala kuku, tukarudi makwetu tukiwa tumejipongeza.

Jambo ambalo hatukujua ni kwamba Jumapili iliyofuata mama aliweka diski yake, akaona mtu mwenye uso mpana kama sinia, wa rangi ya majivu, na kingo zinazotetemeka. Kijana mmoja wa jirani, ambaye kijiji kizima kinamwita fundi kwa sababu aliwahi kurekebisha redio, alimwambia diski imekufa. Mwingine akasema huenda ni macho ya uzee. Mama akaifunga diski ndani ya leso na kuiweka kwenye sanduku la nguo za marehemu. Miezi minne hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba hakutaka tudhani hakushukuru zawadi yetu.

Msomaji, nilikosa neno la kusema.

Basi Jumamosi moja nilivuta kabati, nikapiga magoti na tochi ya simu. Binti yangu wa miaka tisa, aliyepewa jina la nyanyake, akanishikia rimoti. Kosa la kwanza tuliliona mara moja, na ni yeye aliyeliona. Waya wa manjano, ule unaobeba picha, ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la kijani. Si kwamba kaka alikosea. Televisheni nyingi za siku hizi zina tundu moja la kijani lenye alama ya manjano pia, kwa maana kwamba linafanya kazi mbili. Kazi hizo hutofautishwa kwa rimoti. Ukiwa umechomeka waya wa manjano, lakini kwenye orodha ya kuchagua chanzo cha picha umeacha "Component", utapata picha isiyo na rangi. Binti yangu akabonyeza hadi "AV", na rangi zikaja.

"Cucu! Guka amevaa tai nyekundu!"

Mama alikuwa jikoni. Alikuja akiwa na mwiko mkononi, akatazama kwa muda, akasema, "Haikuwa nyekundu. Ilikuwa maruni. Niliinunua mwenyewe Karatina."

Hapo ndipo nilipojua kwamba macho ya mama hayana kasoro yoyote, na kwamba kazi haijaisha.

Kosa la pili lilikuwa lile la uso kama sinia. Sherehe ya mwaka wa 2006 ilipigwa kwa umbo la zamani, ambapo upana wa picha ni sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu. Kioo cha televisheni bapa kina umbo la kumi na sita kwa tisa. Televisheni, kwa kutaka kukufurahisha, huivuta picha ijaze kioo chote, na kila mtu hunenepa ghafla. Tafuta kwenye rimoti mahali pa ukubwa wa picha, uchague "4:3". Utaona mistari miwili myeusi kando, kulia na kushoto. Iache! Kaka yangu nilipompigia simu kumweleza, alilalamika kwamba tulilipia kioo kizima na sasa tunatumia sehemu tu. Nilimuuliza kama anamkumbuka baba akiwa mnene. Akanyamaza. Nyumba ngapi nimeingia, kuanzia Embu hadi Nanyuki, nikakuta filamu za zamani zimevutwa hivyo hivyo na wenyewe wameshazoea!

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, yaani rangi na utulivu wa picha. Hapa nitatumia mfano wa chakula, na jirani zangu wa Mlima Kenya watanielewa upesi.

Picha ya DVD ndani ya diski imehifadhiwa kwa sehemu tatu. Kuna mwanga, unaoonyesha wapi ni peupe na wapi ni peusi, na humo ndimo umbo zima la picha lilimo. Kisha kuna sehemu mbili za rangi. Waya wa manjano ni mmoja tu. Ili vyote vipite humo, mashine huvichanganya kama githeri, mahindi na maharagwe katika sufuria moja. Vikifika upande wa pili, televisheni inapaswa kukaa chini na kuchambua: hili hindi, hili haragwe. Hujitahidi, lakini haichambui yote. Maharagwe mengine hubaki kwenye mahindi. Ndiyo maana rangi nyekundu humwagika nje ya mipaka ya nguo, mistari myembamba ya shati humetameta rangi zisizokuwepo, na kwenye kingo za vitu huonekana vidoa vinavyotambaa kama siafu.

Kwenye televisheni ya kisogo, kasoro hizi zilifichika kwa kuwa kioo kilikuwa kidogo na picha yenyewe laini. Kioo bapa hakifichi kitu. Tena kina kazi nyingine ngumu. DVD ya mfumo wa PAL, tunaotumia Kenya, ina mistari 576, kila mmoja ukiwa na vitone 720. Kioo cha mama kina mistari 1,080 yenye vitone 1,920. Piga hesabu uone: kwa kila kitone kimoja kilicho kwenye diski, kioo kina vitone vitano vya kujaza. Yaani vinne kati ya vitano televisheni inavikisia. Ukiilisha githeri lisilochambuliwa vizuri, itakisia juu ya makosa, na makosa yatakuwa makubwa mara tano.

Dawa ni kutochanganya tangu mwanzo. Deki nyingi za DVD, hata zile za bei nafuu, zina matundu mengine matatu ambayo hakuna anayeyagusa: la kijani, la samawati na jekundu. Hizo ndizo komponenti. Mwanga hupita kwenye kijani, na rangi hupita kwenye hizo mbili nyingine. Kila nafaka na gunia lake. Deki ya mama, iliyonunuliwa mwaka wa 2008, ilikuwa nayo yote matatu yakiwa bado yamezibwa na vizibo vya kiwandani.

Nikapanda matatu hadi Nyeri mjini. Duka la kwanza nililoingia, kijana wa pale hata hakunisikiliza nimalize. Alinionyesha waya wa HDMI wenye ncha za dhahabu, bei ikiwa juu kuliko deki yenyewe kama ingeuzwa leo. Nilimwambia deki yetu haina tundu la HDMI. Akasema nitanunua deki baadaye. Nikatoka. Karibu na Barabara ya Gakere nilimpata fundi mzee mwenye meza iliyojaa redio zilizopasuliwa. Alifungua droo, akachomoa fungu la nyaya tatu, akaniuzia kwa shilingi mia tatu. Aliponirudishia chenji akaniambia, "Kijana, kuna nyekundu mbili. Watu wengi hunirudia hapa kwa sababu ya nyekundu mbili."

Ningalimsikiliza kwa makini zaidi ningaliokoa nusu saa. Nyuma ya deki kuna tundu jekundu la rangi, na kuna tundu jingine jekundu la sauti, linaloandamana na jeupe. Ukiyabadilisha, picha yote hugeuka kijani kibichi, na spika hunguruma. Nilifanya hivyo. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akisema baba hakuwa mgonjwa kiasi hicho.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kosa kubwa zaidi, nalo ndilo ninalotaka ukwepe. Deki hizi huwa hazijui ni nyaya zipi umechomeka. Lazima uziambie. Unabonyeza "Setup", unatafuta mahali pa picha inayotoka, na humo utakuta maneno kama "CVBS", ambayo ndiyo njia ya waya wa manjano, kisha "YUV" au "Component", kisha "P-Scan". Mimi, kwa pupa, nilichagua "P-Scan" kabla sijaenda mjini, waya wa manjano ukiwa bado ndio uliochomekwa. Kioo kikajaa mistari ya waridi na kijani ikikimbia, kisha giza. Nilibonyeza kila kitu. Giza. Mama aliweka kikombe chake chini polepole, akasema, "Basi, baba, si neno. Uache tu."

Msomaji, safari ya matatu kwenda mjini siku hiyo ilikuwa ndefu.

Kumbe hapakuwa na kilichoharibika. Deki ilikuwa inatuma picha kwa njia moja nami nikiisubiri kwa njia nyingine. Niliporudi na kuchomeka nyaya tatu, nikachagua "Component" kwenye televisheni, picha ilikuwepo pale pale. Kwa hiyo fuata utaratibu huu: chomeka komponenti kwanza, ukiacha wa manjano mahali pake kama matundu yanaruhusu. Chagua "YUV" kwanza, uone kama picha imetokea. Ndipo ujaribu "P-Scan". Maana yake ni kwamba badala ya deki kutuma mistari witiri kwanza na shufwa baadaye, mara 50 kwa sekunde, inaiunganisha na kuituma mistari yote pamoja. Kwenye deki nzuri hutuliza picha sana. Kwenye deki hafifu, televisheni yenyewe huweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi, basi linganisha mwenyewe. Kwa mama niliiacha "P-Scan".

Kama unanunua deki leo, tafuta yenye HDMI, njia iliyobuniwa mwaka wa 2002. Hapo picha husafiri kama tarakimu tupu, bila kuchanganywa na chochote, na sauti inapita humo humo. Lakini usidanganywe na dhahabu. Kwa urefu wa mita moja au mbili, waya wa kawaida usio na hitilafu utafikisha tarakimu zile zile. Waya mbovu wa HDMI hauleti picha hafifu kidogo. Huleta vimulimuli, au picha hukatika kabisa. Na HDMI haiongezi kitu ambacho hakimo kwenye diski, hata muuzaji akuapie.

Wale mlionunua televisheni zilizotumika Uingereza, zilizojaa Barabara ya Luthuli kule Nairobi, huenda mna tundu refu lenye vishimo vingi nyuma. Linaitwa SCART, na linaweza kubeba rangi tatu, kila moja peke yake, mradi waya wake uwe umeungwa vishimo vyote. Mara nyingi ule wa bei rahisi huunga vichache, ukarudi kwenye githeri.

Na wenye jamaa Marekani wanaowatumia diski za mahafali, mkiona picha isiyo na rangi au inayopanda juu bila kutulia, diski haijafa. Imetengenezwa kwa mfumo wa NTSC wenye mistari 480. Kwenye deki tafuta aina ya televisheni, uweke "Auto" au "PAL".

Baada ya nyaya, nilishughulikia mambo mawili madogo ambayo hayagharimu senti. Televisheni mpya huja zimewekwa kwa mng'ao wa dukani, ili zivutie mteja chini ya taa kali. Sebuleni mwa mama, penye dirisha moja na mapazia ya kufumwa, mng'ao huo ulimfanya kila mgeni wa arusi aonekane amepakwa mafuta. Nikachagua picha ya kawaida. Kisha nikapunguza ukali wa kingo, ule unaoandikwa "Sharpness", karibu hadi chini kabisa. Watu wengi huupandisha wakidhani wataona zaidi. Kinachoongezeka ni uzi mweupe kuzunguka kila kichwa. La pili, nilirudisha kiti cha mama nyuma hatua mbili. Alikuwa amekisogeza karibu, maskini, akijaribu kuona.

Kuna lisilotibika. Diski zile zinazouzwa vituo vya matatu, zenye filamu ishirini kwa moja, hazina waya wa kuziokoa. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na filamu moja ya saa mbili huijaza. Ukisukuma ishirini humo, kila moja imekamuliwa hadi ikabaki maganda. Diski ya mama nayo ina mipaka yake. Kuna mahali taa inatikisika na uso wa baba unaingia gizani kwa sekunde kadhaa. Huyo ni mimi, msomaji. Nilikuwa nimemwona msichana fulani upande wa kwaya.

Diski ya kurekodiwa, tena, si ya milele. Tabaka lake la rangi huharibiwa na jua na joto, na mikwaruzo humalizia. Ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Usiku ule, watu walipolala, niliinakili kwenye kompyuta na vijiti viwili vya kuhifadhia. Kimoja kiko kwangu na kingine kwa dada yangu Nanyuki. Ilinichukua dakika ishirini, jambo ambalo tungaliweza kulifanya mwaka wowote kati ya hiyo iliyopita.

Jumapili tulitoka kanisani mapema. Mama aliteka chai, akaketi kwenye kiti kilichorudishwa nyuma, akaifungua leso. Nilimwachia rimoti. Baba akatokea mlangoni mwa kanisa akiwa mwembamba kama alivyokuwa, na tai yake ilikuwa maruni. Nyuma ya bega lake la kushoto kulikuwa na kitu ambacho miaka yote tulidhani ni wingu. Binti yangu akasogea karibu na kioo, akakigusa kwa kidole, akasema ni mlima. Naam, ulikuwa Mlima Kenya, asubuhi ya Disemba, vilele vyake vikionekana.

"Siku ile ulifunguka," mama akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Baba akawashukuru wageni. Akamtania mhubiri. Akamgeukia mama, akasema lile jambo lake, na watu wakacheka, na safari hii niliona ya kwamba yeye mwenyewe alijizuia kucheka kwa kuuma mdomo wa chini. Mama akaielekeza rimoti kwenye deki, akabonyeza mara tatu kwa kuwa betri zilikuwa zimechoka, akamrudisha mwanzo wa hotuba.